Stroberi nusu juani, nusu kivulini: je, nikate vile vikamba?

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mwaka jana nilipanda miche michache ya stroberi kwenye tuta moja refu. Upande mmoja wa tuta uko chini ya mti, una kivuli kutwa nzima lakini udongo wake haukauki. Upande wa pili unapigwa jua tangu asubuhi, na udongo ni wa kichanga, maji hayakai. Miche ilitoa vikamba vikatambaa pande zote mbili na kuzaa miche mingine. Nimechimbua mmoja wa juani na mmoja wa kivulini nilinganishe. Wa juani una majani tele na mizizi haba. Wa kivulini una mizizi mingi na majani machache. Nilivyosoma mimi ilipaswa kuwa kinyume: penye ukame mmea uongeze mizizi, penye giza uongeze majani. Jirani ananiambia miche ya kivulini ni kupe, inanyonya ile ya juani, nikate vikamba vyote kila mmoja ujitegemee. Nilikata vichache, na miche miwili ya juani ikanyauka kabla wiki haijaisha. Sasa mingine mitatu, iliyo kwenye mstari mmoja, majani yake yameanza kuwa ya njano. Je, imeugua, imegeuka mbegu, au nilikosea kukata? Na huu mmea unajuaje wapi pa kwenda?"*

Ndugu msomaji, umeuliza mambo manne kwa pamoja, na naelewa kwa nini yamekuchanganya: ulifuata ushauri, mimea ikafa, na ulichokiona kwenye mizizi hakilingani na ulichosoma. Nianze na hiyo mizizi, kwa kuwa kuchimbua miche miwili na kuilinganisha ni jambo ambalo wakulima wengi hawalifanyi, na uliyoyaona humo ndiyo yanayoeleza kwa nini ile miwili ilinyauka. Miche yako haijageuka mbegu, yaani haijabadilika kuwa aina nyingine. Inafanya hasa kile ambacho mimea ya namna hii hufanya pale maji yanapokuwa upande mmoja na mwanga upande mwingine.

Kanuni uliyosoma ni ya kweli, ila ni ya mmea ulio peke yake. Mche ulio kwenye chungu kikavu utapeleka nguvu zake chini kutafuta maji, na ulio gizani utarefusha vikonyo na kutanua majani kutafuta mwanga. Miche yako haiko peke yake. Hivyo unavyoviita vikamba ni mashina, mashina tambazi, ambayo wataalamu huyaita stoloni, na ndani yake mna mirija ile ile iliyomo katika shina lolote. Kila mche uliozaliwa kwenye kifundo cha shina hilo una jeni zile zile za mche mama na bado umeungana naye. Kwa hiyo ulipochimbua miche miwili ukailinganisha, huenda ulikuwa umeshika ncha mbili za mmea mmoja. Wanaikolojia wana majina ya viwango hivi viwili: mmea wote uliotokana na mbegu moja huitwa geneti, na kila kipande chenye mizizi na majani yake, kinachoweza kuishi hata kikitengwa, huitwa rameti. Kuanzia miaka ya 1970, mwanaikolojia John Harper wa Bangor, Wales, alisisitiza mno kwamba anayehesabu rameti bila kuuliza ziko katika geneti ngapi hawezi kuelewa uwanja ule wa mimea.

Ila tusizidishe chumvi: kuwa na jeni moja hakumaanishi bado kuna muungano. Huko Shark Bay, magharibi mwa Australia, watafiti walitangaza mwaka 2022 kwamba nyasi bahari zilizoenea kiasi cha kilomita 180 ni kloni moja, yaani nakala za mmea mmoja zenye jeni zile zile, nayo inaishi katika maji ambayo chumvi yake hutofautiana sana kutoka sehemu hadi sehemu. Hakuna mrija unaotoka ncha moja hadi nyingine ya umbali huo. Katika stroberi pia shina tambazi lina umri wake: mche mtoto ukishakomaa, shina hukauka lenyewe, na kuanzia hapo ndugu hao wanabaki kuwa ndugu wa jeni tu.

Kwa muda ambao muungano upo, vitu viwili husafiri kwa njia mbili tofauti. Maji hupita kwenye zailemu, yaani mirija ya maji, na kinachoyavuta ni majani. Jani lililo juani hupoteza maji hewani, na upungufu huo huvuta mengine kutoka popote yanapopatikana kwa wepesi. Udongo wa hapo chini ukiwa mkavu, mvuto huo hupita kwenye shina tambazi mpaka kwenye mizizi ya mwenzake aliye penye unyevu. Sukari nayo hupita kwenye floemu, yaani mirija ya chakula, kutoka majani yanayotengeneza kingi kwa usanisinuru kwenda popote inapotumika: mizizi inayokua, machipukizi, matunda. Hakuna mche unaoamua kumsaidia mwenzake. Tofauti ya hali kati ya ncha mbili ndiyo inayosukuma na kuvuta, na kadiri ncha hizo zinavyotofautiana ndivyo vitu vinavyosafiri zaidi.

Hili lilijaribiwa kwenye jamii ya karibu kabisa na stroberi yako. Peter Alpert na Harold Mooney walifanya kazi na stroberi ya pwani, Fragaria chiloensis, inayotambaa kwenye matuta ya mchanga ya California, na mwaka 1986 wakaonyesha kwamba rameti iliyonyimwa maji au mwanga iliweza kuishi ilipoachwa imeungana na mwenzake aliyekuwa navyo, na ilishindwa shina lilipokatwa. Stroberi hiyo ya pwani ni mzazi wa stroberi tunayopanda bustanini: Mfaransa Amédée-François Frézier aliichukua Chile na kuileta Ufaransa mwaka 1714, na huko Ulaya ikachanganyika na Fragaria virginiana ya Amerika Kaskazini. Kwa hiyo tuta lako la kichanga lenye jua kali si mazingira mageni kwa ukoo huu.

Sasa ile mizizi iliyo "kinyume". Mwaka 1996 Josef Stuefer na wenzake huko Uholanzi walichapisha jaribio la klova nyeupe, mmea mwingine wenye mashina tambazi. Waliunganisha rameti zilizokuwa na mwanga mwingi na maji machache na rameti zilizokuwa na maji mengi na mwanga mdogo. Zilizotengwa zilifuata kanuni uliyoisoma: kila moja iliwekeza kwenye kiungo cha kutafuta kilichopungua. Zilizounganishwa zilifanya kinyume. Ya juani iliongeza majani, ya penye maji iliongeza mizizi. Kila moja ilichuma kile kilichojaa pale ilipo, na kilichopungua ikakipata kupitia shina. Huu ni mgawanyo wa kazi, na faida yake iko wazi: mizizi mipya kwenye mchanga mkavu huambulia maji kidogo sana, lakini mizizi ile ile ikiota penye unyevu huleta mengi. Ukipima rameti moja moja utaona kasoro kila mahali, wakati mmea mzima umejipanga vizuri kuliko ungejipanga kila kipande kikijitegemea.

Rudi sasa kwenye ile miche miwili iliyonyauka. Ilikuwa na majani tele na mizizi haba kwa sababu maji yake yalitoka kivulini. Ulipokata shina, majani yakaendelea kupoteza maji kama jana yake, na mizizi iliyobaki haikuweza kuyafidia. Haikuugua. Ilikatiwa maji.

Jirani yako basi amekosea? Kwa tuta lako, neno "kupe" si la haki, maana kupe hana anachorudisha, na miche yako ya kivulini inalipa sukari inayopokea kwa maji. Lakini asipuuzwe kabisa. Mwaka 1991 Friedman na Alpert walionyesha kwamba kubadilishana kati ya rameti iliyo penye mwanga na iliyo penye naitrojeni huongeza ukuaji wa stroberi ya pwani pale tu sehemu hizo zinapokuwa na utajiri wa kutosha wa kile kinachotolewa. Kama jua la upande mmoja ni la kubahatisha, na unyevu wa upande mwingine ni wa kubahatisha, muungano hausaidii kitu, na hapo kweli mche mzuri unaweza kudhoofishwa na mbaya. Tena, mwaka 1999 Alpert aliripoti kwamba rameti za stroberi hiyo hiyo zilizotoka kwenye uwanda wa nyasi ni wachoyo: hazigawani kama za kwenye matuta ya mchanga. Na mwaka 2007 yeye na Sergio Roiloa na wenzao wakaeleza kwamba kloni zilizotoka sehemu zenye mabaka mengi ya hali tofauti ndizo zenye uwezo mkubwa zaidi wa kugawana kazi. Ushirikiano huu una gharama, na pale ambapo mazingira yanafanana kila upande, mmea usiogawana hupata nafuu.

Gharama ya kwanza unaijua ukiwa mtu wa kutaka matunda. Kila shina tambazi hujengwa kwa sukari ambayo ingeweza kwenda kwenye tunda. Ndiyo maana wakulima wengi wa biashara huondoa mashina haya mapema, yakiwa bado mabichi na hayajazaa mche. Kama jirani alikuwa na hilo akilini, hoja yake ni nzuri. Sababu aliyoitoa ndiyo haikusimama, na wakati wa kukata ulikuwa umepita.

Uliuliza mmea unajuaje wapi pa kwenda. Haujui kabla ya kufika. Shina hutambaa, kifundo hugusa ardhi, na hapo ndipo mmea unapopata habari. Katika Glechoma hederacea, mmea mdogo wa Ulaya unaotambaa chini, A. J. Slade na Michael Hutchings waliona mwaka 1987 kwamba penye rutuba pingili zilikuwa fupi na matawi mengi, na penye udongo hafifu pingili zikarefuka na matawi yakapungua. Matokeo yake ni kwamba mmea hujazana penye neema na kupita haraka penye ufukara, na ukiutazama kwa miezi utaapa una macho. Wazo hili lilipendwa sana, pengine kupita kiasi: mwaka 1995 Hans de Kroon na Hutchings mwenyewe waliandika kwamba urefu wa pingili haubadiliki sana katika aina nyingi za mimea, na kwamba kazi kubwa ya kuchuma hufanywa na mizizi na majani yaliyokwisha kufika, pamoja na machipukizi yanayoamka au kulala. Mimi nakubaliana nao. Usitegemee stroberi yako ikwepe kivuli cha mti. Itaingia humo kwa bahati, kisha itafanya inaloweza.

Jambo moja zaidi kabla ya ushauri, kwa kuwa linahusu yale majani ya njano. Njia inayopitisha maji na sukari hupitisha na mengine. Sara Gómez na Stuefer walionyesha mwaka 2006 kwamba viwavi wakila rameti moja ya klova nyeupe, rameti nyingine zilizoungana nayo huanza kujihami kabla hazijaguswa. Hiyo ni neema. Lakini virusi navyo hupita kwenye floemu, na mche mtoto wa mama mwenye virusi huzaliwa navyo. Hata baada ya shina kukauka, kuna kinachobaki: katika klova nyeupe, rameti zilizozaliwa na mama aliyepitia ukame zimeonekana kukua tofauti na ndugu zao wa jeni zile zile, kupitia alama za kikemia zilizobandikwa kwenye DNA bila kubadilisha jeni zenyewe. Usishangae basi miche yako ya pande mbili ikiendelea kutofautiana kwa muda hata ukiihamishia sehemu moja.

Ufanye nini? Kwanza weka mkasi chini kwa sasa. Upande wa jua, funika udongo kwa majani makavu au nyasi zilizokauka, uweke na mboji, ili mchanga ushike maji. Mwagilia miche ya huko kwenye shina lake kila udongo unapoanza kukauka, kwa wiki nne hadi sita. Ikishapata maji yake hapo hapo, nayo itaanza kujenga mizizi yake. Shika mche kwa vidole uuvute taratibu: ukishikilia udongo kwa nguvu, uko tayari. Hapo ukitaka kukata, kata jioni au siku ya mawingu, na uuwekee kivuli kidogo kwa siku chache za kwanza. Kama hutaki kumwagilia upande huo, acha mashina yalivyo, ukijua kwamba kila shina ni mrija mwembamba: mche wa kwanza kutoka penye unyevu hupata, wa tatu au wa nne kwenye mstari huo huo hupata kidogo mno.

Miche ya kivulini ina thamani kuliko unavyoidhani. Ikibaki pale, hasa ukiikata, haitakupa matunda ya maana, kwa kuwa haina mwanga wa kutengeneza sukari. Lakini ina mizizi mizuri, na mche wenye mizizi mizuri ndio wa kuhamisha. Ichimbue na bonge la udongo, uipeleke mahali penye jua na maji. Ila majani yaliyokulia kivulini huungua yakitolewa juani ghafla, kwa hiyo izoeshe: siku za mwanzo jua la asubuhi tu, kisha uongeze. Kupogoa matawi ya chini ya ule mti nako kutasaidia kuliko hila yoyote ya kukata vikamba, kwa sababu kutapunguza ile tofauti yenyewe.

Nikilazimika kuchagua kwa niaba yako, ningeacha mashina yote msimu huu, ningehamisha nusu ya miche ya kivulini, na msimu ujao ningeondoa mashina mapya mapema kwenye ile miche ninayoitaka kwa matunda. Hiyo ndiyo njia yenye hasara ndogo. Haitakupa matunda mengi mwaka huu, na sitaki nikupe tumaini la uongo juu ya hilo.

Ile mitatu ya njano ndiyo inayonitia wasiwasi, na kwa hiyo sitaki uitibu kwa kusoma majibu yangu peke yake. Angalia majani machanga. Kama njano iko katikati ya mishipa na mishipa yenyewe imebaki kijani, huenda ni upungufu wa chuma, jambo la kawaida kwenye udongo wenye chokaa, na kipimo cha udongo kitakuambia. Kama njano iko kingoni mwa jani, au ina mabaka, na majani mapya yamejikunja na mche umedumaa, ninahofia virusi, ambavyo huenezwa na vidukari na pia hurithiwa kupitia mashina tambazi. Kuwa kwenye mstari mmoja kunaongeza hofu hiyo, ingawa hakuthibitishi. Na kama majani ya nje yananyauka wakati udongo una maji, tatizo linaweza kuwa kuvu wa mizizini.

Kwa jicho tu, hata mtaalamu hukosea kati ya hayo matatu. Mwite afisa ugani aje aone tuta zima, au peleka mche mzima, na mizizi na udongo wake, ndani ya mfuko safi, kwenye maabara ya magonjwa ya mimea. Usipeleke jani moja. Wakati unasubiri majibu, hapo ndipo mkasi una kazi: tenga hiyo mitatu kwa kukata mashina yanayoiunganisha na mizima, chunguza vidukari upande wa chini wa majani, na usimgawie mtu mche wowote kutoka tuta hilo. Ikithibitika ni virusi, hakuna dawa ya kuviponya. Ng'oa mstari wote uliotoka kwa mama yule, uuteketeze, na uanze upya na miche iliyothibitishwa kuwa safi.